Moto Ulikula Karatasi, Haukula Ukoo

Tarehe 30 Juni 1922, Ofisi ya Kumbukumbu za Umma ya Ireland, iliyokuwa ndani ya majengo ya mahakama ya Four Courts jijini Dublin, ililipuka na kuteketea. Nchi ilikuwa imeingia vitani ndugu kwa ndugu, waliokubali mkataba na Uingereza dhidi ya walioukataa, na hazina ya maandishi ya karne saba ikanaswa katikati ya mizinga. Vipande vya karatasi zilizoungua vilipeperushwa na upepo mpaka Howth, nje ya mji. Madaftari ya sensa za 1821, 1831, 1841 na 1851 yakawa majivu, isipokuwa mabaki machache. Hati za wosia za vizazi na vizazi ziliteketea. Zaidi ya nusu ya vitabu vya ubatizo, ndoa na mazishi vya Kanisa la Ireland, yaani la Kianglikana, viliangamia pamoja nazo.

Na msiba haukuanzia hapo. Madaftari ya sensa za 1861 na 1871 yalikuwa yameshaharibiwa na serikali yenyewe baada ya hesabu kutolewa. Ya 1881 na 1891 yalisagwa wakati wa Vita Kuu ya Kwanza kwa sababu ya uhaba wa karatasi. Karibu karne nzima ya watu waliohesabiwa nyumba kwa nyumba, wakiwemo walionusurika njaa kuu ya 1845 hadi 1852 iliyoua takriban watu milioni moja na kuwafukuza wengine zaidi ya milioni moja ng'ambo, ilitoweka.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Basi ungetarajia kwamba Waayalandi walikaa chini wakalia, wakasema nasaba zetu zimekwisha. Hawakukaa. Leo kuna watu Sydney, Toronto, Chicago na Buenos Aires wanaotaja kwa yakini kitongoji alikozaliwa babu wa babu yao, shamba alilolima na kanisa alikobatizwa. Wamefikaje? Jibu lao ndilo jambo moja ninalotaka ulibebe leo: ukoo haupotei siku karatasi zinapoungua. Unapotea siku aliye hai anapofariki bila kuulizwa.

Ninakuandikia wewe ambaye ukoo wako una tawi la Ireland. Labda baba yako alikwenda kusoma Dublin akaoa binti wa Mayo. Labda unaishi Cork au Boston, wanao wana babu wa Moshi na bibi wa Galway, wanauliza habari za pande zote mbili na wewe unaweza kujibu upande mmoja tu. Labda huna hata tone la damu ya huko, ila umeshajiambia kwamba nasaba yako haitafutiki kwa kuwa hapakuwa na maandishi. Nyote sogeeni.

Anza na aliye hai

Wengi wanaoanza hukimbilia kompyuta. Wanaandika jina la ukoo, tuseme Murphy, na majina yanawafurikia. Murphy ndilo jina la ukoo lililoenea kuliko yote Ireland. Ukilitafuta peke yake hutampata mtu, utapata taifa. Kinachomtenga Murphy wako na wengine wote ni mambo madogo ambayo hayako kwenye kompyuta. Yamo kichwani mwa shangazi mwenye miaka 84: jina la mke, kazi, kanisa, kitongoji.

Shikilia hilo la kitongoji. Kisiwa cha Ireland kina kaunti 32, chini yake parokia, na chini ya parokia vitongoji zaidi ya 60,000. Kujua kwamba watu wako walitoka "Kaunti ya Cork" ni kujua karibu na bure. Ukijua kitongoji, umefika mlangoni.

Kwa hiyo mwendee mzee, au mpigie simu, ukiwa na maswali yenye ncha. Usimwambie "nieleze historia ya familia". Swali pana humchosha mzee na kumfunga mdomo. Muulize: Mama yako alikuwa akisali kanisa gani? Barua za Krismasi zilitoka mji gani? Nani alitangulia kusafiri, na nani alimlipia nauli? Harusi ilisimamiwa na nani? Mtoto wa kwanza alipewa jina la nani?

Kila swali hapo lina kazi yake. Kanisa litakupa parokia, na parokia itakupa kitabu cha ubatizo. Aliyelipa nauli mara nyingi ni kaka au dada aliyetangulia, na jina lake linaweza kuwa kwenye orodha ya abiria kabla ya jina unalolitafuta. Wasimamizi wa ndoa na wa ubatizo walikuwa aghalabu ndugu au majirani. Na majina ya watoto yana mpangilio: familia nyingi za Ireland zilimpa mtoto wa kwanza wa kiume jina la babu mzaa baba, wa pili jina la babu mzaa mama, na binti wa kwanza jina la bibi mzaa mama. Haikuwa sheria, lakini ukiyapanga majina ya watoto kwa umri, unaweza kubahatisha majina ya kizazi cha juu, kisha ukaenda kuyathibitisha.

Ukiona mzee amenyamaza penye jina fulani, liandike hilo jina. Usimlazimishe. Rudi wiki ijayo, umpelekee picha ya zamani, umwache aitazame kwa muda wake. Mtaka cha mvunguni sharti ainame.

Ukidhani hii ni kazi ya wataalamu, sikiliza walichofanya watoto. Kati ya 1937 na 1939, Tume ya Simulizi za Jadi ya Ireland iliwapa kazi wanafunzi wa shule za msingi: nendeni nyumbani, waulizeni wazazi, mababu na majirani habari za zamani, mziandike. Takriban watoto 50,000 katika shule 5,000 hivi walikwenda na madaftari yao. Walirudi na habari za njaa, za nyumba zilizobomolewa, za mafundi wa kijiji, za visima vitakatifu, za watu waliohama wasirudi. Maandishi hayo yapo mpaka leo na yanasomwa bure kwenye mtandao. Wazee waliosimulia wamekwishazikwa wote. Mtoto wa miaka 12 mwenye kalamu aliwawahi. Wewe una simu inayorekodi sauti. Unangoja nini?

Maandishi yapo, tena mengi ni bure

Ukishakuwa na majina, mahali na miaka ya kukadiria, sasa nenda kwenye maandishi, na uende kwa matumaini. Sensa za 1901 na 1911 zilinusurika, na Hifadhi ya Nyaraka za Taifa ya Ireland imeziweka wazi kwa dunia nzima bila malipo. Fomu ya kila nyumba inataja jina, umri, dini, kazi, kaunti ya kuzaliwa, kama mtu alijua kusoma, na kama alisema Kiayalandi. Mara nyingi utaona hata mwandiko na saini ya mwenye nyumba. Kumwona babu wa babu yako akiandika jina lake kwa mkono wake mwenyewe ni jambo la kukutoa machozi, na hulipi hata senti.

Usajili wa serikali wa vizazi, vifo na ndoa zote ulianza mwaka 1864, na ndoa zisizo za Kikatoliki zilianza kusajiliwa mapema zaidi, mwaka 1845. Vitabu vya parokia za Kikatoliki havikuwa Four Courts, vilibaki makanisani. Maktaba ya Taifa ya Ireland ilivipiga picha, na mwaka 2015 ikavifungua kwa umma, zaidi ya parokia 1,000. Utakuta padri ameandika kwa Kilatini, James akawa Jacobus na William akawa Gulielmus. Usiogope, majina hayo si mengi, utayazoea haraka. Kwa walioishi kabla ya 1864 kuna orodha za zaka za miaka ya 1823 hadi 1838, na kuna uthaminishaji wa mali uliosimamiwa na Richard Griffith kati ya 1847 na 1864, unaotaja mkuu wa kaya, shamba lake na mwenye ardhi. Kwa kaunti sita za Ireland ya Kaskazini, ofisi ya kumbukumbu iko Belfast.

Na hao waliovuka bahari waliacha alama upande wa pili. Gazeti la The Pilot la Boston lilichapisha kati ya 1831 na 1921 maelfu ya matangazo ya watu waliowatafuta ndugu zao: mke anayemtafuta mume aliyetangulia, kaka anayemtafuta dada aliyeshuka bandari nyingine. Matangazo hayo hutaja kaunti, parokia, na mara nyingine kitongoji chenyewe. Watu hao walikuwa wanafanya kazi hii hii unayotaka kuifanya, katika dhiki, bila kompyuta, na wengi bila kujua kusoma.

Hata sensa zilizoungua hazikufa kabisa. Tarehe 1 Januari 1909 wazee wenye miaka 70 na zaidi walianza kulipwa pensheni, kiwango cha juu kikiwa shilingi tano kwa wiki. Wote walizaliwa kabla usajili wa vizazi haujaanza. Hawakuwa na cheti. Ili kuthibitisha umri, makarani walitafuta majina yao katika sensa za 1841 na 1851, ambazo wakati huo bado zilikuwepo, wakajaza fomu: jina la mzee, majina ya wazazi wake, kitongoji walichoishi, na kilichopatikana. Madaftari yaliungua mwaka 1922. Fomu nyingi zilibaki. Mkulima mzee aliyekuwa akidai shilingi zake tano aliwaokoa baba na mama yake wasisahaulike, bila kujua.

Baadaye, kwa kutafuta mabaki na nakala za namna hiyo, watafiti wakiongozwa na Chuo Kikuu cha Trinity, Dublin, walianza kuijenga upya hazina ya Four Courts kwa njia ya kidijitali. Walikuwa na mwongozo wa yaliyokuwemo, uliochapishwa na mtunza kumbukumbu Herbert Wood mwaka 1919. Wakautumia kutafuta nakala katika maktaba na ofisi za nchi nyingine, na Juni 2022, miaka mia moja baada ya moto, wakaifungua kwa umma. Kama taifa limeweza kuokoteza kumbukumbu zake kutoka majivuni, wewe hushindwi kuzipata za nyumba moja.

Hadithi na hati zikosoane

Hadithi za nyumbani ni za thamani, lakini zipimwe. Tarehe 1 Januari 1892, msichana wa Cork aitwaye Annie Moore, mwenye miaka 17, alikuwa mhamiaji wa kwanza kupokelewa katika kituo kipya cha Ellis Island, New York. Alisafiri kwa meli ya Nevada na wadogo zake wawili wa kiume. Kwa miaka mingi ilisimuliwa kwamba alihamia Texas na kufariki kwa ajali huko, na wazao wa Annie Moore wa Texas walialikwa kwenye sherehe kwa heshima zote. Mtafiti wa nasaba Megan Smolenyak alipofuatilia nyaraka, aligundua kwamba Annie wa Texas alizaliwa Illinois. Mwaka 2006 alitangaza kumpata Annie wa kweli: hakuondoka New York. Aliolewa huko, akazaa watoto wasiopungua kumi na mmoja, wengi wakafa wadogo, naye akafariki mwaka 1924 na kuzikwa Queens katika kaburi lisilo na jina. Mwaka 2008 kaburi hilo liliwekewa jiwe lake.

Hakuna aliyedanganya. Hadithi ilipita mikono mingi bila mtu kuiuliza karatasi, na mwanamke aliyezaa na kuzika watoto wake katika mitaa ya maskini alinyimwa haki yake kwa miaka zaidi ya themanini. Ndiyo maana nasisitiza: kupima simulizi ya bibi si kumkosea adabu. Ni kumpa heshima ya kuaminika.

Na karatasi nazo zipimwe. Ukilinganisha sensa ya 1901 na ya 1911 utakutana na watu waliozeeka miaka kumi na mitano ndani ya miaka kumi, maana pensheni ilikuwa imeingia katikati. Utakuta Kearney ameandikwa Carney, O' imeondolewa kizazi kimoja na kurudishwa kingine. Jina, umri na tahajia vinaweza kuyumba. Mtu unamjua kwa kitongoji, mke, watoto na majirani wakikubaliana kwa pamoja.

Kutoka Moneygall hadi Kogelo

Kuna nasaba moja ambayo Afrika Mashariki inaijua nusu. Barack Obama kwa baba ni wa Kogelo, Siaya, ambako baba yake na babu yake wamezikwa. Kwa mama, ukipanda ngazi tano, unamkuta Falmouth Kearney, mtoto wa fundi viatu wa Moneygall, Kaunti ya Offaly, aliyeondoka Ireland mwaka 1850 akiwa na miaka 19 hivi, katika miaka ya njaa ile, akaenda Ohio. Upande huo ulifuatiliwa kwa hati na watafiti, akiwemo Smolenyak yuleyule, na mchungaji wa Kianglikana Stephen Neill akazipata habari za Wakearney katika vitabu vya parokia yake, vitabu ambavyo moto wa Dublin haukuvifikia. Tarehe 23 Mei 2011 Obama alisimama Moneygall akiwa Rais wa Marekani.

Upande wa Kogelo ulipatikana vipi? Katika kitabu chake cha 1995, Dreams from My Father, anaeleza jinsi bibi Sarah alivyokaa akamsimulia vizazi vya Waluo, jina baada ya jina. Upande mmoja kitabu cha kanisa, upande mwingine kinywa cha mzee. Njia zote mbili zilimfikisha nyumbani. Asikudanganye mtu kwamba wenye makaratasi ndio pekee wenye nasaba.

Waandike na wasioacha mtoto

Sasa nakuomba jambo kutoka moyoni. Watafutaji wengi hupanda kwa babu na babu wa babu, wakawapita waliokufa wadogo na wasiozaa. Usiwapite. Sensa ya 1911 ilimuuliza kila mwanamke mwenye mume: mmeishi katika ndoa miaka mingapi, umezaa watoto wangapi waliozaliwa hai, na wangapi bado wako hai? Ukiona 9 na pembeni yake 5, simama hapo. Wanne hao walikuwa na majina. Yatafute kwenye vitabu vya ubatizo na vya vifo, uwarudishe mahali pao kati ya ndugu zao.

Wapo pia waliohama na kubaki huko bila kuacha mtoto. Masista wa Loreto walifika Kenya kutoka Ireland mwaka 1921 na wakajenga shule ambazo mama na bibi zetu wengi wamezisomea. Edel Quinn, mzaliwa wa Kaunti ya Cork mwaka 1907, aliletwa Afrika Mashariki na kazi ya chama cha Kikatoliki cha Legio ya Maria mwaka 1936, akazunguka Kenya, Uganda na Tanganyika akiwa mgonjwa, akafariki Nairobi tarehe 12 Mei 1944 na kuzikwa humo. Kila mtawa na mmishenari kama huyo ni shangazi au mjomba wa mtu fulani. Barua walizoandika kwao zinaweza kuwa kwenye sanduku la mpwa Tipperary, na makaburi yao yako kwetu. Wewe uliye Nairobi, Morogoro au Kampala unaweza kupiga picha jiwe la kaburi na kuipeleka kwa familia isiyojua ndugu yao amelala wapi.

Fanya kazi yenyewe

Nunua daftari. Kila habari uiandike pamoja na aliyeisema, mahali na tarehe. Habari isiyo na chanzo itakutesa mwakani. Tenganisha ulichosikia na ulichothibitisha. Walio hai uwaombe ruhusa kabla ya kutangaza mambo yao, na siri zinazoumiza uzishike kwa heshima. Kipimo cha vinasaba kinaweza kukuunganisha na binamu usiyemjua, lakini hakikuambii jina la kitongoji. Hilo bado utamuuliza mtu. Ukikwama kwa babu, mfuate ndugu yake. Ukikwama kwa ndugu, mfuate msimamizi wa ubatizo. Haba na haba hujaza kibaba, na jina moja lililothibitishwa kwa mwezi ni mavuno mema.

Toa nakala, tena nyingi. Mpe dada yako, mpe binamu wa ng'ambo, wape watoto. Kumbukumbu iliyowekwa mahali pamoja inasubiri ajali.

Faida utaiona. Mwenye babu au bibi aliyezaliwa katika kisiwa cha Ireland anaweza kuomba uraia wa nchi hiyo kupitia rejista ya waliozaliwa ng'ambo, na cheti alichokitafuta kwa mapenzi kitamfungulia mlango. Lakini hata bila pasipoti, mtoto anayejua alikotoka anasimama wima akiulizwa yeye ni nani.

Basi usingoje likizo, wala mkutano wa familia, wala msiba uwakusanye. Misiba hutukusanya kweli, na kila inapotukusanya, aliyejua mengi kuliko wote ndiye tuliyekuja kumzika. Jioni ya leo chagua mzee mmoja, mpigie, muulize alikuwa akisali kanisa gani alipokuwa mtoto na nani alikuwa amemshika mkono. Andika jibu lake kabla hujalala. Kesho muulize la pili.